Katoni ya Kaseti za Gemu

Mimi ni mwoga, na ni afadhali niseme mapema ili mtu asije akanitafutia ushujaa humu. Naogopa mbwa, naogopa madaraja ya mbao, naogopa barua yenye mhuri. Miaka ile ya tisini nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, sijaolewa, karani katika duka la kutengeneza redio na televisheni mjini Nyeri, na kila jioni nilirudi kwa mama yangu, kijijini Wamagana. Baba alikuwa ameshafariki. Tulibaki wawili, mama na mimi, pamoja na ng'ombe mmoja mwenye roho mbaya. Chini ya kitanda changu kulikuwa na katoni ya mafuta ya kupikia, na ndani ya katoni kaseti za gemu arobaini na tatu. Nimeogopa vitu vingi maishani, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa kwa ajili ya katoni ile.

Vijana wa siku hizi hawazijui, kwa hivyo nieleze. Gemu za televisheni zilikuja kwa kaseti, kijisanduku cha plastiki cha ukubwa wa kiganja chenye picha mbele. Unakichomeka juu ya mashine, na kisipowaka unakitoa, unakipuliza kwa mdomo, unakirudisha, unaomba Mungu. Mjini kulikuwa na vibanda ambako vijana walilipa kidogo wakacheza, na mashine zikiharibika zililetwa kwetu. Halafu zikaja mashine mpya za kutumia sahani za CD, na kaseti zikawa hazina mwenyewe. Fundi, yaani mwenye duka, alikuwa akizitupa ndani ya debe la takataka pamoja na vipande vya waya na maganda ya ndizi.

Siku moja mzungu aliyekuwa akifundisha hesabu katika shule moja ya upili alileta redio yake. Akachungulia lile debe, akapiga magoti pale pale sakafuni na suruali yake safi. Aliniambia kwao watu walikuwa wameanza kuzitafuta, na kwamba baada ya miaka ishirini zitakuwa mali, hasa zikiwa na boksi lake na kijitabu chake. "Usiuze," akasema. "Weka. Mahali pakavu, penye baridi, mbali na moto na vumbi." Nilimshangaa, lakini alipokwenda niliinama nikatoa maganda ya ndizi kwenye kaseti tisa nikazipangusa kwa kanga.

Jioni ile nilimweleza mama. Nilimweleza kwa kifupi kwa sababu nilikuwa na njaa na githeri ilikuwa mezani. Nikasema ati ni vitu vya kuwekwa pakavu miaka mingi, halafu siku moja vitamjengea nyumba ya mawe. Mama aligeuza moja mkononi, akainusa, akanirudishia. Nyumba yetu ilikuwa ya mbao na kila masika upepo uliingia kwa nyufa ukazima taa. "Ya mawe," akasema, basi.

Nikawa nazitafuta kama mwendawazimu. Jumamosi nilikwenda Karatina nikapekua marundo ya mitumba, maana kaseti zilikuja zimejificha ndani ya viatu vya watoto wa Ulaya. Nilikwenda Nanyuki, ambako wazungu waliokuwa wakihama waliuza vitu vyao uani. Nilikwenda hadi Embu kwa mtu aliyefunga kibanda chake cha gemu na kufungua kinyozi. Fundi alinicheka mpaka akachoka. "Wee karani, wenzako wako na sufuria za kuolewa nazo. Wewe ukiolewa utapikia bwana yako nini, hii plastiki?" Nilimjibu aendelee kuchoma vidole vyake na risasi ya kulehemu aniache.

Na nisidanganye, haikuwa mali peke yake. Nilizipenda. Fundi akitoka kwenda kunywa chai nilichomeka moja kwenye televisheni ya mteja, nikapunguza sauti, na ule wimbo mdogo wa kuanzia ukilia moyo wangu ulikuwa ukicheka. Bora kuliko zote ilikuwa ile ya Nanyuki, iliyokuwa na boksi lake na kijitabu, na mbele imechorwa joka jekundu linatoa moto na mtu mdogo ameshika upanga. Nilikuwa nalifungua boksi lile kwa ncha za vidole.

Lakini mwaka mmoja ukaja na woga wake. Habari za waabudu shetani zilikuwa kila mahali, sokoni, kwenye kiwanda cha kahawa, kwenye foleni ya hospitali. Ati kuna gari jeusi linabeba wanafunzi njiani na hawarudi. Ati kuna mtu amepewa pete na sasa ndoto zake ni za damu. Mtu akipaka nyumba rangi mpya majirani walipunguza salamu. Nilikuwa nacheka mchana na wenzangu dukani, kisha nikifika njia ya kwetu, ile yenye mibuni pande zote mbili, natembea mbio na jua bado liko juu.

Ndipo kanisa letu likamwalika mhubiri mgeni, wiki nzima, kwenye uwanja wa kanisa, na jenereta yake na vipaza sauti vikubwa. Alihubiri kwa Kiswahili na mzee mmoja wa kanisa akatafsiri kwa Kikuyu, kwa hivyo sisi tuliosikia lugha zote mbili kila tishio lilitupata mara mbili. Jumanne akaingia kwa vitu vya nyumbani. Shanga, picha, vitabu vya ndoto. Halafu akasema, "Na hii michezo ya televisheni, yenye majoka na mafuvu! Kuna nyumba hapa Wamagana, chini ya kitanda, shetani amelala!" Mzee akatafsiri. Chini ya kitanda, shetani amelala.

Loo! Nilihisi mkojo. Leo najua kila mtu huficha vitu chini ya kitanda, na bila shaka maneno hayo aliyasema kila alikokwenda. Siku hiyo niliamini ameiona katoni yangu kwa macho yake. Mama alikuwa ameketi kando yangu, amefunga kitambaa cheupe cha kichwani cha akina mama wa kanisa. Alikuwa mwenyekiti wao. Hakunigeukia. Alikaza tu fundo la kitambaa.

Mhubiri akatoa utaratibu. Jumamosi saa tisa kila mtu ataleta cha kuchoma. Hapo hapo kwenye moto viongozi wataulizwa mbele ya watu swali moja tu, kama nyumba zao ni safi, na mwenyekiti wa akina mama ataanza. Baadaye wazee watapita nyumba kwa nyumba. Atakayepatikana amedanganya atavuliwa kitambaa na kutolewa kwenye Meza ya Bwana. Mama alikivaa kitambaa kile kwenye mazishi ya baba. Ndicho alichotaka kuzikwa nacho, alishaniambia mara nyingi, akikunja nguo.

Mtu ataniuliza mbona sikuzihamisha. Nilijaribu! Jumatano nilimwomba Fundi aniwekee katoni dukani. Akaruka kama aliyekanyaga waya wa umeme. "Usiniletee shetani hapa, mimi niko na wateja na watoto." Yeye aliyekuwa akizitupa na maganda! Nikawaza kuzizika shambani, lakini ardhi ilikuwa na unyevu. Nikawaza kuzipeleka kwa binamu yangu kule Gakindu, lakini vijana wa kanisa walikuwa wamesimama njia panda wakimuuliza kila aliyebeba mzigo amebeba nini. Hawakuwa na haki yoyote, na wengine niliwafundisha shule ya Jumapili, lakini nikiwaona tu niligeuka nikarudi.

Alhamisi nilirudi kutoka kazini nikaenda moja kwa moja chumbani, nikainama. Katoni haikuwepo.

Nilibaki nimepiga magoti, mkono umenyooshwa chini ya kitanda, nikipapasa vumbi. Nikasikia mama jikoni akimenya viazi. Kisu kilikuwa kinakwenda vile vile, taratibu, kama siku zote. Nilitaka kuingia nipige kelele, kwa maana nina hasira za karibu, nikishikwa na hofu hasira hufuata. Sikuthubutu. Nilisimama mlangoni mwa jiko. Mama hakuinua macho. "Jumamosi tutaenda pamoja," akasema. "Vaa viatu vilivyofungika, kutakuwa na matope."

Jumamosi saa tisa jua lilikuwa kali na uwanja umejaa. Moto ulikuwa mkubwa, wa magogo ya mkaratusi. Watu walikuja mmoja mmoja. Mtu alitupa gitaa. Msichana alitupa hereni akalia. Mzee mmoja alileta pembe ya ugoro ya babake, akaishika kwa muda mrefu, na vijana wakamsaidia kuiachia. Kila kitu kikitua watu waliimba.

Halafu nikamwona mama anatoka upande wa kanisa. Alikuwa amebeba katoni yangu mgongoni, na mkanda wa ngozi umepita juu ya paji la uso, kama anavyobeba kuni. Niliijua ile katoni kwa maandishi yake na kwa kona yake iliyoumwa na panya. Alikuwa ameifunga kwa kamba ya katani, mizunguko mingi. Aliinama, akaitua, akaisukuma motoni kwa mguu.

Joka langu jekundu. Jumamosi zangu zote. Mwanamke kando yangu alinishika mkono akaimba sikioni mwangu, na mimi niliogopa mno hata nikaimba naye. Fikiria! Mali yangu inaungua na mimi naimba. Katoni iliwaka haraka, kwa mlio mkavu wa kupasuka, na moshi uliotujia ulinuka moshi wa jikoni tu. Mimi niliyekuwa nikishinda kwenye duka la waya zilizoungua, pua yangu ilipaswa kuniambia kitu. Haikuniambia. Woga ulikuwa umeiziba.

Mhubiri alimshika mama mkono. "Mama mwenyekiti, nyumba yako ni safi?"

Mama alisema kitu kisichosikika. Mhubiri akamsogezea kipaza sauti mdomoni. "Waambie watu wa Mungu. Ni safi?"

"Ni safi," akasema mama, na sauti yake ikatoka kubwa kwenye vile vipaza sauti, ikagonga ukuta wa kanisa na kurudi.

Wazee walipita kwetu Jumatatu. Walichungulia chini ya vitanda, wakanywa chai, wakaomba, wakaondoka. Nami nikamnunia mama. Sitatafuta neno zuri kwa jambo hilo. Wiki sita nilimjibu kwa "ndiyo" na "sijui". Niligonga sufuria, nikafunga milango kwa kishindo. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa namwogopa. Mtu niliyekula naye sahani moja tangu utotoni alibeba kitu changu mgongoni akakichoma bila kuniambia neno. Nikaanza kujiuliza kama ananiona mimi pia ni kitu kichafu ndani ya nyumba yake.

Jumapili ya Meza ya Bwana ilinizidishia. Sinia ya mkate ilipita safu kwa safu, na ilipomfikia mama aliipokea akanipa mimi. Hakuchukua. Sinia ya vikombe nayo, vivyo hivyo. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona mama akiiacha Meza. Alinisukumia kwa haraka mpaka vile vikombe vidogo vikagongana, na akina mama wenzake wakageuza vichwa. Nilidhani anaumwa. Halafu nikadhani ni kwa sababu yangu, kwamba amejiona najisi kwa kumzaa mtu kama mimi. Tulirudi nyumbani, yeye mbele mimi nyuma.

Mvua ya masika ikakaribia. Asubuhi moja mama akaniita jikoni. Goti lake lilikuwa linamsumbua. "Panda itarani uniteremshie mbegu," akasema.

Kwetu kila jiko la zamani lina itara, ule uchaga wa fito ulio juu ya meko. Huko juu ndiko mbegu hukaa. Mahindi, maharagwe, njahi, vyote hufungwa vikawekwa moshini mwaka mzima, ili fukusi wasile na unyevu usifike. Mama alikuwa akisema mbegu iliyokaa kwingine ni chakula tu. Kila kitu kwenye itara ni cheusi na kinang'aa kwa masizi, na ukishika mkono unarudi na mafuta.

Nilipanda. Mama akashika ngazi chini. Niliteremsha mahindi, nikateremsha maharagwe. Nyuma ya njahi mkono wangu ukagusa kiondo nisichokijua, kimefunikwa kwa gunia. Nikafunua. Vifurushi, vimefungwa kimoja kimoja kwa magome makavu ya migomba na uzi wa katani, kama anavyofunga mbegu za malenge. Nikabonyeza kimoja. Kilikuwa na kona nne.

"Mami," nikasema.

Akaanza kusema, polepole, uso ameuelekeza kwenye moto.

"Ulisema ni za kuwekwa pakavu. Hakuna pakavu kama hapo. Mbegu za mama yangu zilikaa hapo, na za mama yake. Wazee hawawezi kupekua mbegu za mtu, ni aibu."

"Na katoni?"

"Magunzi. Ya mahindi. Na jiwe moja, ili iwe nzito." Akasukuma kuni kwa mguu. "Ungejua ingeonekana usoni. Wewe uso wako hauwezi kuficha kitu. Nilikuogopa wewe kuliko wale wazee."

Niliangalia mikono yake kwenye ngazi.

"Sijawahi kudanganya mbele ya madhabahu tangu nibatizwe," akasema. "Hata wakati wa Dharura ya wakoloni walipotuuliza maswali kwa bunduki nilinyamaza, sikudanganya. Sasa nimedanganya mara mbili, na ya pili kwa kipaza sauti. Siwezi kunyoosha mkono kwenye Meza. Naogopa, mwanangu. Nikiinama kukama naogopa, nikisikia radi naogopa. Lakini ulikuwa umezitafuta miaka yote hiyo. Na nyumba ya mawe ulisema ni yangu." Akainua uso. "Sasa niambie. Zimekaa vizuri? Zikiwa zimekaa vizuri, nitajua nimeibeba dhambi hii kwa kitu."

Nilikuwa nimeshafungua vifurushi vinne. Vya chini, vilivyokuwa karibu na moto, plastiki ilikuwa imepinda, na viwili vilikuwa vimeshikana kwa lami ya moshi kiasi kwamba sikuweza kuvitenganisha. Picha zilikuwa zimejikunja zikadondoka. Nilitazama ndani ya mdomo wa kaseti, pale kwenye meno ya shaba, na mle mlikuwa mmeziba masizi ya mafuta. Mwaka mzima wa spiriti na pamba usingeyatoa. Kisha nikakuta boksi la Nanyuki. Joka lilikuwa limegeuka rangi ya chai, na nilipogusa kifuniko kilivunjika kama jani. Mbali na moto, alikuwa amesema yule mzungu. Penye baridi. Na mimi jioni ile nilikuwa na njaa, nikamwambia mama pakavu tu.

"Mbona hunijibu?" Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Zimeharibika?"

Yeye alisema uso wangu hauwezi kuficha kitu. Bahati yangu nilikuwa juu gizani, kichwa ndani ya moshi, na macho yalikuwa yakinitoka machozi kwa sababu mbili.

"Zimekaa vizuri, mami," nikasema. "Zote. Ni kama jana."

Nikamsikia akitoa pumzi, pumzi ndefu, kama mtu anayetua mzigo wa kuni. Akamshukuru Mungu kwa Kikuyu, mara tatu. Kisha akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu ule moto.

"Basi usiziteremshe," akasema. "Zirudishe hapo hapo. Miaka ishirini bado haijafika."

Nikazifunga tena, moja moja, magome na uzi. Nikazipanga ndani ya kiondo na joka langu likiwa juu, nikazisukuma nyuma ya njahi, pale pale juu ya moto, na mama chini ameshika ngazi kwa mikono yote miwili nisije nikaanguka.